Max Ernst, mtu wa mkasi aliyezihoji picha za kale

Wiki hii nawaomba wasomaji wangu mniruhusu nitoke kidogo nje ya pwani yetu. Nataka kumzungumzia Mjerumani mmoja aliyefariki mwaka 1976, mtu ambaye maisha yake yalipita Ujerumani, Ufaransa na Marekani, na ambaye jina lake pengine wengi wetu tumelisikia kwa mbali tu. Anaitwa Max Ernst.

Ulimwengu unamjua kama mchoraji, na kazi zake za rangi zimetundikwa katika majumba makubwa ya sanaa. Lakini kazi yake inayonivuta mimi si ya brashi, ni ya mkasi na gundi. Alichukua vitabu na majarida ya karne ya 19, akakata picha zilizokuwamo, kisha akaziunganisha upya kwa namna ambayo mtu akiiona mara moja haimtoki akilini. Bwana mwenye suti na nishani kifuani ana kichwa cha simba. Mwanamke wa heshima amesimama sebuleni, na mgongoni ana mbawa kama za popo. Bahari imeingia chumbani na mawimbi yamefika hadi kitandani, na aliyelala hana habari.

Namleta kwenu kwa sababu moja. Picha alizozikata zilitoka katika karakana za aina ile ile zilizowachora babu zetu na miji yetu, na picha hizo hadi leo twazinunua, twazitundika ukutani na kuwafundishia watoto historia. Naamini mkasi wa Ernst una jambo la kutueleza juu yake.

Mti wa baba

Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1891 katika mji mdogo wa Brühl, karibu na Köln, magharibi mwa Ujerumani. Baba yake, Philipp, alikuwa mwalimu wa watoto viziwi, Mkatoliki mwenye msimamo mkali, na wakati wake wa mapumziko alipenda kuchora. Yasimuliwa kwamba siku moja baba huyo aliichora bustani ya nyumbani, akaona mti mmoja unamharibia mpangilio, basi akauacha nje ya picha. Alipomaliza, ili bustani isipingane na picha yake, akaenda akaukata mti wenyewe.

Kisa hiki nakipenda kwa sababu ni kama utangulizi wa maisha ya mwanawe. Wako watu ambao picha ikitofautiana na ulimwengu, huukata ulimwengu. Mtoto aliyaona hayo kwao, na alipokua akafanya kinyume chake: mti akauacha usimame, akazikata picha.

Visa vingine viwili vya utotoni vinafaa kujulikana. Akiwa na umri wa miaka mitano hivi alitoroka nyumbani akiwa na kanzu nyekundu ya kulalia, miguu mitupu, akakutana na msafara wa mahujaji wa Kikatoliki, nao wakamstaajabia kana kwamba wamemwona mtoto Yesu. Aliporudishwa, baba yake alimchora katika sura hiyo hiyo. Kisha usiku mmoja wa Januari 1906, kasuku wake aliyempenda sana alikufa, na katika saa hizo hizo mama yake akajifungua mtoto wa kike. Kijana wa miaka 14 akayafunga mambo hayo mawili pamoja, kifo cha ndege na kuzaliwa kwa dada, na tangu hapo ndege na binadamu wakawa hawatengani kichwani mwake. Alipokuwa mtu mzima alibuni kiumbe, nusu ndege nusu mtu, akamwita Loplop, akamfanya kama pacha wake. Ndege huyo anatokea tena na tena katika kazi zake.

Mwaka 1909 aliingia Chuo Kikuu cha Bonn, akasoma falsafa, saikolojia na historia ya sanaa. Alikwenda pia kutazama kazi za mikono za wagonjwa wa akili, akaziona zina nguvu ambayo wachoraji wa kusomea hawanayo. Uchoraji wenyewe alijifundisha.

Vita vikamrudisha mtu mwingine

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914 aliandikishwa jeshini, akawekwa kwenye kikosi cha mizinga, akapigana upande wa magharibi na upande wa mashariki. Vita hivyo twavijua na sisi. Novemba ya mwaka huo huo Tanga ilishambuliwa, na wapagazi waliokufa katika kampeni ya Afrika Mashariki walituachia jina la Kariakoo. Ernst alitoka mzima wa mwili, lakini baadaye alipoandika habari za maisha yake alijihesabu kuwa alikufa siku vita vilipoanza, akafufuka vilipokwisha Novemba 1918.

Kizazi chake kilirudi na hasira. Waliowapeleka kufa hawakuwa washenzi. Walikuwa maprofesa, makasisi, wenye viwanda na walimu, watu wa vitabu vizuri na sebule safi. Vijana wengi wa Ulaya wakaona kwamba kama huo ndio ustaarabu, basi unastahili kuchekwa. Ndipo ikaja harakati iliyoitwa Dada, ambayo kazi yake ilikuwa kuifanyia mzaha kila kilichojidai kitakatifu au cha akili. Huko Köln, Ernst aliiongoza pamoja na Johannes Baargeld na Hans Arp. Mwaka 1920 walifanya maonyesho katika ukumbi wa kuuzia bia, na mgeni alilazimika kuingia kwa kupitia msalani. Ndani kulikuwa na sanamu ya mbao ya Ernst, na kando yake shoka, ili asiyeipenda aipasue. Polisi wakaufunga ukumbi, kisha ukafunguliwa tena.

Lakini hasira peke yake haikai muda mrefu. Kilichomfanya Ernst awe Ernst ni karatasi. Siku moja ya mvua mwaka 1919 alishika katalogi ya vifaa vya kufundishia shuleni, iliyojaa michoro ya mifupa, wanyama, mawe, mimea na mashine. Vitu visivyohusiana vilikuwa vimewekwa jirani katika ukurasa mmoja kwa sababu tu vyote vinauzwa. Alipokuwa akivitazama, ujirani huo wa bahati ukaanza kumletea picha nyingine machoni. Mwanzoni alichofanya ni kupaka rangi juu ya kurasa hizo, akifunika asichokitaka na kuacha anachokitaka. Katika moja ya kazi hizo alichukua chati ya wanyama ya shule, akafunika wengi, akabakisha wachache kama dubu, kondoo, nyoka na samaki, kisha akawachorea chumba chenye kitanda na kabati. Hakuna alichokibuni katika wanyama wale. Alichobuni ni mahali pao tu, na hilo likatosha kutia hofu.

Picha zilivyochongwa

Ili tuielewe kazi iliyofuata, ni lazima tujue picha za vitabu vya zamani zilivyotengenezwa. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, mashine za chapa hazikuweza kuiweka fotografia moja kwa moja ukurasani pamoja na maandishi. Picha ilibidi ichongwe. Kipande cha mbao ngumu, kilichokatwa kwa kukingama shina, kililainishwa mpaka kikawa kama kioo, mchoro ukawekwa juu yake, kisha fundi akakaa na lenzi na kijichuma chenye ncha kali, akiondoa kila sehemu itakayobaki nyeupe. Kivuli, wingu, nywele, mkunjo wa nguo, vyote vilitokana na mistari myembamba iliyolala sambamba. Mafundi wetu wa milango ya nakshi wangeifahamu subira hiyo bila kuelezwa.

Kuna jambo moja hapa nawaomba mlishike. Mti wenye mbao hizo huwa na shina jembamba, kwa hiyo picha kubwa ilifanywa kwa vipande kadhaa vilivyofungwa pamoja. Kazi ikiwa ya haraka, vipande viligawanywa kwa mafundi tofauti, kila mmoja akachonga chake, kisha vikaunganishwa tena kuwa picha moja. Maana yake ni kwamba picha ile, ambayo msomaji aliiona kama dirisha la kutazamia ulimwengu, ilikuwa ya vipande tangu mwanzo.

Majarida ya namna hiyo yalienea sana. La Nature, lililoanzishwa Paris mwaka 1873 na Gaston Tissandier, liliwaletea watu wa kawaida sayansi, mashine na majaribio. Zilikuwako pia riwaya za bei rahisi zenye picha za mauaji, wivu na visasi. Kufikia mwisho wa karne njia mpya za kuchapa fotografia zikawapokonya wachongaji kazi yao, na wakati Ernst anakua, picha zile zilikuwa vitu vya kizamani, vya kuchekwa, vya kujaza masanduku ya vitabu chakavu. Ndizo alizoziokota.

Na sisi tulivyochorwa

Karakana hizo hizo ndizo zilizoionyesha Ulaya pwani ya Zinj. Jarida la safari la Le Tour du Monde, lililoanza kutoka Paris mwaka 1860, lilichapisha habari za safari ya Burton ya kwenda maziwa makuu, na safari hiyo ilianzia Unguja. Sayyid Barghash alipozuru London mwaka 1875, magazeti ya picha ya huko yalimchora. Vitabu vya Stanley vilijaa picha za misafara na minazi na wapagazi.

Nani aliyezitengeneza? Msafiri alirudi na michoro ya haraka, au na maneno tu. Mchoraji wa mjini, ambaye hakuwa amevuka bahari, akayageuza hayo kuwa picha kamili yenye anga na nyuso na majani. Mchongaji, naye hakuwa amevuka bahari, akaichonga. Édouard Riou, aliyelichorea jarida hilo la safari, ndiye pia mmoja wa waliochora riwaya ya Jules Verne ya mwaka 1863 inayosimulia puto linaloruka kutoka Unguja. Verne mwenyewe Unguja hakuwahi kufika. Basi mkono uleule, kwa mistari ileile, ulichora habari za safari na ulichora hadithi ya kubuni, na msomaji wa Paris hakuwa na njia ya kutofautisha.

Nimeziona picha za aina hiyo katika fremu za dhahabu kwenye maduka ya Mji wa Kale, zikiuzwa kwa watalii na hata kwetu sisi, na nimeziona katika vitabu vya historia vya shule bila jina la mchoraji wala mwaka. Mtoto anaitazama kana kwamba mtu alisimama pale na kamera.

Sisemi kwamba yaliyochorwa hayakutokea. Utumwa ulikuwako, na Frere Town hapa hapa Mombasa iliwekwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokuwa wametolewa minyororoni. Hilo lina ushahidi wa kutosha bila kutegemea picha ya mchongaji wa London. Ninachosema ni kwamba picha ni kitu kilichoundwa, na aliyeunda alikuwa na vipande vyake na sababu zake.

Mshono usioonekana

Turudi kwa Ernst. Mei 1921 kazi zake za kuunganisha, ambazo wasanii huziita kolaji, zilionyeshwa Paris kwa mpango wa mshairi André Breton. Mwenyewe hakuweza kuhudhuria, kwa kuwa Waingereza waliokuwa wakiukalia mji wa Köln baada ya vita hawakumruhusu kusafiri. Mwaka uliofuata akaingia Ufaransa kwa pasipoti ya rafiki yake, mshairi Paul Éluard, ambaye vitani alikuwa askari wa upande wa adui. Nyuma alimwacha mkewe, Luise Straus, aliyekuwa msomi wa historia ya sanaa, na mtoto wao wa kiume wa miaka miwili. Mkasi wake, ole, ulipita pia katika familia yake, na sitaki kulifunika hilo.

Paris ndiko Breton alikotangaza mwaka 1924 harakati ya Usurealisti, iliyotaka ndoto na yaliyofichika moyoni yapewe haki sawa na akili ya mchana. Ernst alikuwa miongoni mwa nguzo zake. Alichora kwa mafuta, na mwaka 1925 akagundua njia ya kuweka karatasi juu ya mbao za sakafu na kuisugua kwa risasi ya penseli mpaka mishipa ya mbao itoe misitu na wanyama. Mojawapo ya picha zake mashuhuri, ya mwaka 1921, ni ya dude mfano wa tembo, la mviringo kama pipa, lenye mkonga kama bomba. Umbo hilo alilipata katika fotografia ya ghala la udongo la kuwekea nafaka kutoka Afrika, iliyotolewa katika jarida la elimu ya makabila. Ghala la chakula la watu fulani likageuka jinamizi la Ulaya. Nalitaja ili tusidhani kwamba aliyezihoji picha za Ulaya alikuwa daima mwangalifu na za wengine.

Lakini kilele, kwa maoni yangu, ni vitabu vitatu visivyo na hadithi ya kawaida, bali picha mfululizo zenye maneno machache au bila maneno. Cha kwanza kilitoka mwaka 1929 kikiwa na picha 147. Jina lake la Kifaransa lina mchezo wa maneno: ukilisikia waweza kuelewa mwanamke mwenye vichwa mia, au mwanamke asiye na kichwa. Cha pili kilitoka mwaka 1930, juu ya ndoto ya msichana anayetaka kuwa mtawa. Cha tatu, Une semaine de bonté, yaani Wiki ya Wema, alikitengeneza mwaka 1933 alipokuwa mgeni katika ngome moja huko Italia, kwa muda wa wiki tatu tu. Kilitolewa mwaka 1934 katika vijitabu vitano vyenye picha 182.

Siri ya vitabu hivyo ni usafi wa kazi. Kwa kuwa chapa zote za mbao zilizungumza lugha moja ya mistari, kichwa kilichotoka riwaya ya mauaji kiliweza kukaa juu ya mabega yaliyotoka jarida la sayansi bila kugombana. Ernst alikata kwa uangalifu mkubwa, akapanga vivuli vifuatane, akabandika. Kisha ubao mzima ukapigwa picha na kuhamishiwa kwenye bamba la chapa, na kitabu kilipotoka mshono ulikuwa umemezwa. Msomaji hakuona tena karatasi zilizobandikwa. Aliona picha ya zamani, yenye heshima zote za picha ya zamani, ikionyesha jambo lisilowezekana.

Wiki ya Wema haina wema. Kila siku ina kitu chake: Jumapili ni tope, Jumatatu maji, Jumanne moto, Jumatano damu. Jumapili wanatawala wenye vichwa vya simba, na baadhi yao wamevaa sare na nishani. Jumanne majoka na nyoka wanatambaa kwenye mazulia ya sebule za watu wa heshima. Jumatano wanaume wana vichwa vya ndege. Kuna picha za ukatili, hasa dhidi ya wanawake, na baadhi si za kuwekwa mbele ya watoto. Lakini ukivijua vitabu alivyovikata unafahamu kwamba ukatili huo hakuuleta yeye. Ulikuwamo tayari katika riwaya za burudani ambazo mabwana wale walizisoma baada ya chakula cha usiku. Yeye aliondoa nyuso za adabu akaweka za wanyama. Na mwaka alioifanya kazi hiyo ndio mwaka Hitler aliposhika madaraka nyumbani kwao.

Lazima pia niseme lililo zito kwetu. Mwaka 1926 Ernst alichora picha ya mafuta inayomwonyesha Bi Maryam akimchapa mtoto Yesu. Wakatoliki waliudhika, na baba yake mwenyewe hakumsamehe. Sisi tunaomheshimu Nabii Isa na mama yake hatuna sababu ya kuitetea picha hiyo, na mimi siitetei. Mtu anaweza kufundisha jambo kubwa na akakosea adabu mahali pengine, na msomaji mwenye akili huchukua nafaka akapeta pumba.

Uhamisho

Wanazi hawakusahau. Mwaka 1937 walipofanya maonyesho Munich ya sanaa waliyoiita ya upotovu, kazi ya Ernst ilikuwamo, na picha yake ya mwaka 1923, La Belle Jardinière, haijaonekana tangu zama hizo. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939, Wafaransa nao walimkamata kama raia wa nchi adui, wakamfungia Les Milles, kiwanda cha vigae karibu na Aix-en-Provence. Ujerumani ilimwona msaliti, Ufaransa ikamwona Mjerumani. Aliachiliwa, akakamatwa tena, akatoroka, na Julai 1941 akafika New York kwa msaada wa Mmarekani Varian Fry, aliyekuwa akiwatoa wasanii na waandishi Marseille, na wa tajiri Peggy Guggenheim, ambaye alimwoa mwaka huo huo. Mwanawe Jimmy alikuwa tayari New York.

Luise Straus hakubahatika. Alikuwa Myahudi, alikimbilia Ufaransa mwaka 1933, na hakupata karatasi za kumvusha. Mwaka 1944 alipelekwa Auschwitz, akauawa. Watu wawili waliokuwa mume na mke, walioanza Dada pamoja Köln, mmoja alipata karatasi na mwingine hakupata. Kwa mtu aliyeishi kwa karatasi, sijui kama lipo jambo chungu kuliko hilo.

Ndoa na Guggenheim haikudumu. Mwaka 1946 alimwoa mchoraji Dorothea Tanning, wakahamia Sedona, katika jangwa la Arizona. Walirudi Ufaransa mwaka 1953, na mwaka 1954 alipewa tuzo kuu ya uchoraji katika maonyesho ya Venice. Wasurealisti wenzake, waliochukia tuzo, wakamfukuza kundini. Alifariki Paris tarehe 1 Aprili 1976, ikiwa imebaki siku moja atimize miaka 85. Picha asilia za Wiki ya Wema, zilizoonyeshwa Madrid mwaka 1936 miezi michache kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania, hazikuonyeshwa tena kwa pamoja mpaka mwaka 2008, huko Vienna.

Tufanye nini na mkasi?

Siku hizi vijana wetu wanafanya kazi kama yake kwa simu. Wanachukua picha za zamani za Mombasa na Lamu, wanaweka mwezi mkubwa juu ya Ngome ya Yesu, wanamvisha bibi wa buibui mabawa, wanazisambaza. Wazee wengine wananung'unika kwamba historia inachezewa. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao moja kwa moja.

Naona tuweke mpaka mahali pawili. Kwanza, Ernst alikata vitabu vilivyochapwa kwa wingi, vilivyokuwa takataka za wakati wake. Sisi tuna majumba ambamo picha ya babu ni moja tu duniani, na hati ya kale ni moja tu. Hiyo haikatwi. Inapigwa nakala, na nakala ndiyo ikatwe. Nimesikitika kuona kurasa zilizonyofolewa kutoka vitabu vya kale zikiuzwa moja moja, kwa sababu muuzaji hapati kitu cha kufanana na faida hiyo akikiuza kitabu kizima. Huyo hana lolote la kumfananisha na Ernst, amegeuza kitabu kuwa mishikaki.

Pili, Ernst hakumdanganya mtu. Hakuna aliyefungua kitabu chake akaamini kwamba huko Paris kuna mabwana wenye vichwa vya simba. Upuuzi wa picha ndio uaminifu wake. Kijana anayemvisha bibi mabawa naye hadanganyi. Anayenitia hofu ni yule anayeunganisha picha mbili ili zionekane kweli, kisha akaandika chini yake kwamba ndivyo mtaa fulani ulivyokuwa zamani, au kwamba fulani alikutana na fulani. Kwenye mabishano yetu ya ardhi na nasaba, picha ya namna hiyo yaweza kumtoa mtu kwenye kiwanja cha babu yake.

Ndiyo maana naona faida ya kumjua Ernst. Aliyezoea kuzitazama kazi zake hujifunza kuuliza kila picha ya zamani imeunganishwa wapi, na nani. Anaanza kuutafuta mshono hata pale usipoonekana.

Nawaachia walimu ombi moja. Kitabu cha historia kikifunguliwa darasani na kuna picha ya chapa ya mbao ya pwani yetu, msiipite. Tazameni pembe za chini pamoja na wanafunzi. Mara nyingi kuna jina dogo au herufi za mchoraji upande mmoja na za mchongaji upande wa pili. Waulizeni watoto watu hao walikuwa wapi siku ile, walikuwa na nini mbele yao mezani, na kipi katika picha hiyo wangeweza kukijua kwa macho yao wenyewe.